Sajini Meja Aliyepanga Herufi

Mwezi Mei 1869, mwanamume wa miaka 28 alianza kazi katika kiwanda cha chapa cha Serikali ya Marekani, mjini Washington. Alisimama mbele ya kasha la herufi, akashika kibao cha chuma kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ukaanza kudona herufi za risasi, moja baada ya moja, mpaka neno likawa mstari na mstari ukawa ukurasa. Kazi hiyo aliijua tangu utotoni. Miaka sita kabla alikuwa ameiweka kando akaenda vitani kwa hiari yake, akawa sajini meja wa Rejimenti ya 54 ya Massachusetts, na akapanda ukingo wa ngome ya adui huku wenzake wakianguka kulia na kushoto. Wapanga herufi aliowakuta Washington hawakushughulishwa na hayo. Walichotaka kujua ni nani amemruhusu mtu mweusi kusimama kati yao.

Jina lake lilikuwa Lewis Henry Douglass. Habari zake huandikwa kando ya habari za baba yake, Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akawa msemaji mkuu wa watu weusi wa Marekani katika karne yake. Katika vitabu vingi Lewis hupita aya moja: mtoto wa fulani, alipigana mahali fulani, basi. Mimi nimeifuata njia yake kwa kutazama mikono yake ilikuwa inafanya nini kila alipokuwa. Nimeshawishika kwamba nchi yake ilimkubali akiwa na upanga mapema kuliko ilivyomkubali akiwa na herufi, na hilo linasema mengi zaidi kuhusu Marekani ya wakati ule kuliko sanamu zote za vita zilizosimamishwa baadaye.

Njia inaanza New Bedford, bandari ya kusini mwa Massachusetts, alikozaliwa tarehe 9 Oktoba 1840. Siku hizi gati lake limejaa meli za uvuvi. Zama zile mji uliishi kwa nyangumi, na mafuta yao yaliwasha taa za nusu ya dunia. Frederick na mkewe Anna walifika hapo Septemba 1838, siku chache baada ya Frederick kutoroka. Nyumba ya Nathan na Mary Johnson, wenyeji weusi waliowapokea, bado ipo katika Mtaa wa Seventh.

Frederick alifika na ufundi wake. Akiwa mtumwa Baltimore alikuwa amejifunza kalafati, na msomaji wa Pwani aliyeona jahazi likitengenezwa hahitaji kuelezwa kazi hiyo: kushindilia nyuzi katika nyufa za mbao mpaka maji yasipate pa kupenya. Katika mji wa meli, fundi wa kalafati hawezi kukosa chakula. Mwenye meli mmoja alimwajiri. Mafundi weupe wakasema akigonga pigo moja tu, wao wote watatoka. Kalafati ilikuwa na ujira wa dola 2 kwa siku. Frederick akaishia kupasua kuni, kubeba makaa na kuzoa takataka kwa dola 1. Alikuwa huru, katika jimbo lisilo na utumwa, na ufundi wake ulizuiwa na watu waliokuwa vibarua kama yeye. Lewis alizaliwa katika nyumba iliyoishi kwa ile dola moja.

Mwaka 1847 Frederick alihamia Rochester, kaskazini mwa jimbo la New York, na tarehe 3 Desemba mwaka huo gazeti lake, The North Star, likatoka kwa mara ya kwanza. Lewis alikuwa na miaka 7. Kadiri yeye na wadogo zake walivyokua, ndivyo walivyoingizwa kazini, kwa maana gazeti la mtu mweusi lisingeweza kulipa mafundi wengi. Hapo ndipo alipojifunza kupanga herufi.

Ni ufundi unaokaribia kusahaulika, na bila kuuelewa hatumwelewi Lewis. Mpanga herufi husoma kinyume. Kila herufi imechongwa kama inavyoonekana kwenye kioo, na hupangwa kichwa chini ili karatasi ikigandamizwa juu yake maneno yatoke sawasawa. Kasha la juu hubeba herufi kubwa, la chini herufi ndogo, na kila herufi ina kijumba chake. Ile e, inayotumika mno katika Kiingereza, ina kijumba kipana kuliko zote. Fundi hatazami vidole vyake, hutazama mswada. Gazeti likishachapwa, herufi huoshwa wino na kurudishwa vijumbani moja moja, na anayeirudisha n katika kijumba cha u amemharibia mwenzake kazi ya kesho. Inataka macho, tahajia kamili na subira ya kusimama kutwa nzima. Hotuba za Frederick Douglass watu wengine walizisikia ukumbini kisha wakazisahau nusu. Lewis alizipitisha vidoleni, herufi kwa herufi, pamoja na habari za minada ya watu, za watoro waliokamatwa na za sheria mpya za Bunge. Sidhani kama palikuwa na shule bora zaidi ya siasa katika nchi ile.

Na baba alimwamini. Oktoba 1859, John Brown aliposhambulia ghala la silaha la Harpers Ferry kwa nia ya kuwakomboa watumwa, Frederick alikuwa Philadelphia. Walikuwa wameandikiana na Brown, na barua hizo zingeweza kumpeleka kitanzini. Akapeleka simu ya maandishi Rochester: Lewis aambiwe aziweke salama karatasi zote muhimu zilizomo katika dawati refu. Kijana wa miaka 19 alielewa ujumbe uliojificha ndani ya maneno hayo machache. Zilifichwa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Aprili 1861, watu weusi waliojitokeza kupigana walirudishwa nyumbani. Mwaka 1862 Lewis aliomba nafasi katika msafara wa kwenda Chiriqui, Amerika ya Kati, mpango wa serikali wa kuwahamishia watu weusi nje ya nchi. Baba yake aliuchukia mpango huo kwa moyo wote. Mimi simlaumu kijana. Alikuwa na ufundi mkononi, hapewi kazi. Alikuwa na nguvu, hapewi bunduki. Mpango ukafa. Tarehe 1 Januari 1863 Rais Lincoln akatangaza kuwaachia huru watumwa wa majimbo yaliyoasi, na kwa tangazo hilohilo akafungua mlango wa jeshi. Gavana John Andrew wa Massachusetts akapata idhini ya kuunda rejimenti ya weusi. Frederick akaandika wito wa kuwaita vijana kwenye silaha, na watoto wake mwenyewe wakawa kati ya wa kwanza kuuitikia: Charles, kisha Lewis.

Kambi ilikuwa Readville, pembezoni mwa Boston, kwenye uwanda ulio jirani na reli. Nilipopita hapo nilikuta uwanja wa watoto kucheza. Lewis alifika Machi 1863, na kabla hawajaondoka akawa sajini meja wa rejimenti nzima. Ni cheo cha juu kabisa ambacho mtu mweusi angeweza kupewa pale, maana maofisa wote walipaswa kuwa weupe. Sajini meja ndiye anayesimamia gwaride, orodha za askari na amri zinazopita kati ya maofisa na kombania. Ni kazi ya mtu anayejua kusoma, kuandika na kupanga. Haishangazi kwamba ilimwangukia mpanga herufi.

Tarehe 28 Mei walipita mitaa ya Boston, mbele ya Ikulu ya Jimbo, wakielekea melini, na kanali wao Robert Gould Shaw, mwenye miaka 25, akiwa juu ya farasi. Leo mahali hapo ipo sanamu kubwa ya shaba ya Augustus Saint-Gaudens, iliyozinduliwa 1897 baada ya kazi ya takriban miaka 14. Nyuso za askari ni za watu halisi, kila moja na tabia yake. Majina yaliyochongwa kwenye jiwe mwaka ule yalikuwa ya maofisa weupe waliokufa. Ya askari weusi yaliongezwa nyuma yake miaka ya 1980. Nilisimama muda mrefu upande ule wa nyuma.

Meli iliwashusha South Carolina, visiwa vya Beaufort na Hilton Head, nchi ya pamba na ya watumwa walioachwa na mabwana waliokimbia.

Tarehe 16 Julai rejimenti ilipigana kwa mara ya kwanza katika Kisiwa cha James. Usiku huo wakatembea katika mvua na matope, na siku iliyofuata wakangoja mashua, chakula kidogo, usingizi haupo. Jioni ya tarehe 18 walikuwa Kisiwa cha Morris, mlangoni mwa bandari ya Charleston, mbele ya Ngome ya Wagner.

Ngome ilikuwa kilima cha mchanga na magogo ya minazi ya huko, kimelala kutoka baharini hadi kwenye kinamasi, na njia ya kuifikia ilikuwa ufuko mwembamba, bahari upande mmoja na matope upande wa pili. Mizinga ya nchi kavu na manowari iliipiga kutwa, na makamanda wakaamini walinzi wake wameangamia. Hawakuangamia. Zaidi ya 1,500 walikuwa wamejificha katika mahandaki. Rejimenti ya 54, kiasi cha watu 600, iliombwa itangulie, na Shaw akakubali. Giza lilikuwa linaanza kushika. Walipofika ufuko unapobana, walinzi wakatoka mahandakini.

Lewis alifika juu ya ukingo. Ala ya upanga wake ilirushwa mbali akiwa palepale juu, na mwili wake haukuguswa. Shaw alikufa kwenye ukingo huohuo. William Carney, sajini aliyetoka New Bedford, mji aliozaliwa Lewis, aliichukua bendera mbebaji wake alipoanguka, akarudi nayo akiwa na majeraha kadhaa; nishani yake ya juu ya ushujaa alikuja kuipata mwaka 1900, miaka 37 baadaye. Zaidi ya watu 270 wa rejimenti waliuawa, kujeruhiwa au kupotea usiku ule. Shaw alizikwa katika shimo moja na askari wake. Adui alikusudia iwe aibu. Wazazi wake wakasema asihamishwe.

Siku mbili baadaye, tarehe 20 Julai, Lewis alikaa akaandika barua kwa Amelia Loguen wa Syracuse, mchumba wake, binti wa mchungaji Jermain Loguen, mtoro wa utumwa aliyewahifadhi watoro wengine kwa mamia. Nimeisoma barua hiyo mara nyingi. Ni fupi, imeandikwa kwa haraka, kikosi kikitarajia kupigana tena. Anamtajia majina ya vijana wa mjini kwake: huyu amejeruhiwa, yule hajulikani alipo. Anamwambia hajui alitokaje mzima. Anasema hakuna aliyerudi nyuma, na kwamba yeye akifa hatakufa mwoga. Kisha anatamani kitu kimoja: laiti wangekuwapo askari weusi 100,000, vita vingekwisha.

Hesabu yake ilikuwa ndogo. Kabla ya vita kumalizika, karibu weusi 180,000 walikuwa wamepita katika jeshi la Muungano, na wengine kwa maelfu katika wanamaji.

Ngome yenyewe haipo tena. Bahari imeimeza. Kutoka ncha ya Folly Beach unaona mnara wa taa wa Morris, uliojengwa nchi kavu mwaka 1876, na sasa umezungukwa na maji pande zote.

Waliobaki walikuwa na ugomvi mwingine, wa mshahara. Waliahidiwa dola 13 kwa mwezi kama askari weupe. Mlipaji alipokuja, akaleta dola 10, na 3 zikatwe za sare. Rejimenti ikakataa. Massachusetts ikajitolea kufidia pengo, wakakataa hiyo pia, kwa sababu madai yao hayakuwa dola 6 bali kuhesabiwa askari. Walipigana karibu miezi 18 bila kupokea senti, huku nyumbani wake na watoto wakiteseka, hadi Bunge liliposawazisha mshahara Juni 1864 na malipo yakafika vuli ya mwaka huo. Kwangu huu ni ushujaa usiopungua ule wa ufukoni, na ulidumu zaidi. Lewis mwenyewe aliugua na kuachishwa jeshi mwaka huo wa 1864.

Alirudi Rochester, na hapa ndipo habari yake inaponiuma. Hakuna kiwanda cha chapa mjini kilichomtaka. Februari 1866 alikuwa katika ujumbe uliokwenda Ikulu pamoja na baba yake kumdai Rais Andrew Johnson haki ya kura, wakaishia kusomewa somo. Mwaka huo akaenda Denver na mdogo wake Frederick. Jioni walifundisha watu wazima weusi kusoma na kuandika. Akapanga herufi huko, nje ya chama cha wafanyakazi na kwa ujira wa chini, maana chama kisingempokea.

Kisha Washington, Mei 1869. Almon Clapp, mkuu wa chapa wa Bunge, alimpa kazi. Chama cha wapanga herufi wa mji huo kilikuwa na nguvu: bila uanachama, fundi alihesabika msaliti. Lewis akaomba kuingia. Ombi likaahirishwa. Mkutano ukavurugika, mwingine ukaitwa, ombi likaahirishwa tena. Sababu iliyotolewa ni kwamba aliwahi kufanya kazi Denver chini ya ujira wa chama. Frederick alijibu hadharani kwa uchungu wa mzazi: mwanawe anahukumiwa kwa kupokea ujira mdogo na watu walewale waliomzuia asipate mkubwa, na kosa lake Denver, Rochester na Washington ni lilelile, rangi yake. Hata chama cha taifa kilipolipokea suala hilo hakikumfungulia. Uanachama hakuupata.

Mtu aliyesikia habari ya kalafati ya New Bedford hawezi kulisoma hili bila kushtuka. Miaka 31 ilikuwa imepita, utumwa umevunjwa, damu nyingi imemwagika, na mtoto amesimamishwa mlangoni pa ufundi wake kwa kitisho kilekile alichotishiwa baba: akiingia huyu, tunatoka sisi. Mwishoni mwa 1869 wafanyakazi weusi waliunda chama chao cha kitaifa Washington, na rais wake wa kwanza alikuwa Isaac Myers wa Baltimore, fundi wa kalafati. Weupe walipowafukuza mafundi weusi katika gati za mji huo baada ya vita, Myers na wenzake walichanga wakafungua karakana yao ya meli.

Lewis naye alikwenda penye kasha lisilohitaji kadi ya mtu. Kuanzia 1870 familia iliendesha gazeti la New National Era mjini Washington, yeye na ndugu zake wakiandika, wakipanga na kuchapa, hadi lilipokufa 1874 likiwa limemla Frederick karibu dola 10,000. Katika miaka hiyo alikaa pia katika Baraza la Kutunga Sheria la Washington, akichukua kiti alichokiacha baba yake. Baadaye aliuza na kununua viwanja na nyumba. Mwaka 1899, Marekani ilipokuwa ikiwapiga Wafilipino, mwanajeshi huyu wa zamani aliandika gazetini kwamba serikali inayoshindwa kuwalinda weusi nyumbani haina ustaarabu wa kuwapelekea watu wa visiwani. Alifariki tarehe 19 Septemba 1908.

Yeye na Amelia walioana Oktoba 1869, miezi michache baada ya sakata la chama kuanza. Hawakupata mtoto. Amelia aliishi hadi 1936, na ile barua ya Julai 1863 ikaingia katika nyaraka zilizokusanywa na mwanahistoria Carter G. Woodson. Leo imo katika Maktaba ya Bunge, Washington.

Kuna maandishi mengine yaliyodumu. Mwaka 1872 na 1873, Lewis akiwa bado barazani, bunge la mji lilipitisha sheria mbili za kuwalazimisha wenye mikahawa kumhudumia kila mtu mwenye adabu bila kujali rangi. Anayekataa atozwe dola 100 na anyang'anywe leseni kwa mwaka mzima. Weupe waliporudi madarakani, sheria hizo hazikufutwa. Ziliachwa tu, hazikuingizwa katika vitabu vipya vya sheria, na kizazi kilichofuata hakikujua kwamba zipo. Mwanzoni mwa 1950 Mary Church Terrell, mwalimu mwenye miaka 86 aliyekuwa amemfahamu Frederick Douglass, aliingia na wenzake katika mkahawa wa Thompson ili wanyimwe chakula na kesi ianze. Tarehe 8 Juni 1953 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba sheria ya 1873 ingali hai. Siku chache baadaye Bi Terrell alirudi katika mkahawa uleule, akachukua sinia lake, akahudumiwa.